Mganda Uliompeleka Kezia Ng'ambo

Mavuno ya mwaka ule huko Essex yalikuwa mema. Jua lilikubali, ngano ikafyekwa, na Kezia Thurgood, mjane mwenye binti mmoja, Dina, akaketi na wanawake wenzake ukingoni mwa shamba wakingoja kuokota masazo. Ndiyo desturi yao: kinachodondoka nyuma ya wavunaji ni cha maskini. Ila mganda mmoja huachwa umesimama shambani. Ukiwapo, hakuna kuingia. Mwenye shamba akiuondoa, ruksa.

Bwana Cracknell, aliyelinunua shamba juzijuzi, hakuuondoa. Aliwafungulia nguruwe wake wakaingia. Wenzangu, nguruwe alitangulizwa mbele ya mtoto wa mjane!

"Huyu mlinzi hachoki kusimama?" Kezia akauliza, akiutazama mganda.

"Anangoja kuolewa," shoga yake Hepziba akamchokoza.

"Basi nampeleka kwa mumewe!"

Kezia akaingia, akaubeba mganda kama bibi harusi, akauegemeza kwenye lango la Cracknell. Wanawake walicheka wakashika mbavu, kisha wakamiminika shambani kuokota.

Kesho yake Kezia alikamatwa. Kosa: wizi wa mganda.

Mahakamani alimgeukia Hepziba. "Shoga, waambie nilikouweka."

Hepziba alikuwa mpangaji wa Cracknell. Akainama. "Mimi sikuona kitu."

"Hukuona? Na ndiwe uliyesema anangoja kuolewa!"

Safari hii hakucheka mtu. Wanawake wote waliokuwa shambani walijaa humo ndani, kila mmoja na ulimi wake mzima, wala haukusikika hata mmoja.

Kezia akahukumiwa kifungo cha miaka saba huko New South Wales, ng'ambo ya bahari. Watoto wachanga waliruhusiwa kupanda meli na mama zao. Dina alikwisha ng'oka meno ya utotoni.

"Huyu mkubwa," karani akasema. "Nyumba ya maskini itamlea."

"Ninyi mmemnyima masazo, leo mtamlea?" Kezia akafoka. Askari wakamvuta.

Huko ugenini alifua nguo za mabwana mpaka vidole vikapinda. Siku kifungo kilipokwisha, alikwenda mbio bandarini.

"Nimemaliza. Nirudisheni kwa mwanangu."

Ofisa akatabasamu. "Kuja ulilipiwa na serikali, mama. Kurudi, jilipie."

"Kwa fedha gani? Mikono hii ilifanya kazi bure!"

"Hilo sijui. Uko huru. Nenda popote upendapo."

Popote! Isipokuwa pale alipo Dina. Hawakuonana tena.

FUNZO

Mtasema Cracknell ndiye mwovu. Naam, mwovu kabisa, na sina kitambaa cha kumfunika. Lakini Cracknell alikuwa mmoja, na mashahidi walijaa ukumbi. Uliyecheka na mwenzio shambani, simama naye mahakamani. Dhuluma ya tajiri hukua kwa kulishwa kimya cha majirani. Na wewe unayelinda paa lako kwa kusema "sikuona", kamwambie hivyo mtoto aliyebaki bila mama.