Sauti Chini ya Kiti

Kila asubuhi Ildephonse hutoa gari lake uani, katika mtaa wa Kimanga, mjini Uvira. Huenda Lubarika kuchukua mihogo, nyanya na mchele wa wakulima. Njiani hubeba pia abiria. Mke wake, Eliane, huuza mazao hayo. Mama Agathe, mama yake Ildephonse, hubaki nyumbani akichambua maharagwe mbele ya mlango.

Zamani gari hilo lilikuwa la Damien, kaka mkubwa wa Ildephonse. Damien alifariki wakati wa mvua, kwa ugonjwa wa ini. Siku ya maziko Mama Agathe hakulia. Watu walisema ana moyo wa jiwe. Haikuwa kweli. Alikuwa bado akimngoja. Kila gari lilipopita, aliinua kichwa.

Baada ya matanga, Ildephonse alinunua redio mpya ya gari. Alinunua pia ampli, yaani kisanduku cha kuongeza sauti. Rafiki yake alizifunga upesi upesi. Ampli ikawekwa chini ya kiti cha mbele.

Siku ya kwanza barabarani, yeye na abiria walisikia kilio nyuma ya muziki. Kilikuwa chembamba. Ildephonse alipokanyaga mafuta, kilio kilipanda. Alipopunguza mwendo, kilishuka kama mtu anayeishiwa pumzi. Abiria mmoja, mwanamke wa kijiji cha Mulenge, aliomba kushuka kabla ya kufika.

"Ndani ya hii gari kuko muntu analia," alisema. "Minye nitaenda na miguu."

Mchana mmoja Eliane alikuwa akianika nguo. Gari lilikuwa limesimama uani. Ufunguo ulikuwa ndani ya nyumba, kwenye msumari. Mara akasikia sauti ya mwanaume ikitoka garini. Alisogea. Vioo vilikuwa vimefungwa. Mama Agathe alikuwa amekaa kiti cha mbele, peke yake, akitabasamu.

Sauti ilikatika, ikarudi, ikakwaruza. Kisha ikasema wazi: "...mama..."

"Mama, nani anasema?" Eliane aliuliza.

"Damien," mama mkwe alijibu. "Nikikaa, ananisemesha. Nikitoka, ananyamaza. Angalia."

Akashuka. Gari likawa kimya. Eliane aliweka mkono juu ya kiti, akabonyeza kidogo. Sauti ikaamka pale pale, karibu na magoti yake. Alikimbilia ndani.

Tangu hapo, kila mchana Mama Agathe alikaa garini. Alipeleka hata kikombe cha chai, akakiweka mbele ya redio. Majirani waliacha kupita uani. Na asubuhi gari halikuwaka tena. Bateri ilikuwa imekufa. Ildephonse aliipeleka kuchajiwa, ikafa tena.

"Labda kaka hataki niendeshe gari yake," Ildephonse alisema kwa sauti ndogo.

"Tuite fundi wa umeme," Eliane alisema.

Mama Agathe alisimama mlangoni. "Muntu asiguse hiyo gari! Mtamufukuza mtoto wangu."

Siku moja Ildephonse alirudisha bateri iliyotoka kuchajiwa. Haukupita muda mrefu, Eliane akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Alitoka mbio. Moshi mweusi ulikuwa ukipanda kutoka chini ya kiti. Mama Agathe alikuwa bado amekaa, macho amefumba.

"Mama, toka! Iko moto!"

"Ngoja. Ananiita."

Eliane alifungua mlango, akamvuta kwa mikono miwili. Wote wawili walianguka chini. Ildephonse alifungua sehemu ya moteri, akang'oa waya wa bateri. Eliane alimwaga mchanga mkavu juu ya zulia la gari. Hakutumia maji, na alifanya vizuri, kwani maji hupitisha umeme. Moshi ulipungua, kisha ukaisha.

Jioni alikuja Fabiola, fundi wa umeme wa magari. Walimweleza yote. Hakucheka.

"Pole kwa mtoto, Mama," alimwambia Mama Agathe. "Njoo tuangalie pamoja. Sitakuficha kitu."

Akatoa kiti. Chini yake waya ulikuwa umeungua, umekuwa mweusi.

"Hii waya inatoka kwa bateri," Fabiola alisema. "Chuma ya kiti imekula ngozi yake. Ikagusa mwili wa gari, ikawaka. Fizibo iko wapi?"

"Fizibo?" Ildephonse aliuliza.

"Ni kitu kidogo kinachokatika kabla ya waya kuungua. Inakaa karibu na bateri. Hapa hawakuweka. Ungempoteza mama yako."

Ildephonse aliinamisha kichwa.

"Waya ya manjano ya redio inatoka kwa bateri, inalinda saa na posti zako, zile stesheni unasikiliza," Fabiola aliendelea. "Nyekundu inapaswa kupita kwa funguo. Ukitoa funguo, redio inalala. Hapa wamezifunga pamoja, na ampli vilevile. Ndiyo sababu bateri inakufa. Na angalia hapa: wamezisokota tu, bila kuzikaza. Muntu akikaa, kiti kinazibonyeza, umeme unapita. Akitoka, zinaachana."

"Na kilio?" Mama Agathe aliuliza.

"Waya nyeusi, tunaita masi, inarudisha umeme kwa mwili wa gari. Hii wameifunga juu ya rangi na kutu. Haishiki. Kelele ya dinamo, ile inachaji bateri, inaingia ndani ya bafle zinazotoa sauti. Moteri ikikimbia, kelele inapanda."

Mama Agathe aliigusa ampli. "Na ile sauti iliniita?"

Fabiola alichukua vyombo vyake. Aliweka waya mpya ndani ya mpira wa kuulinda, mbali na vyuma vya kiti. Alifunga fizibo yenye nguvu inayolingana na waya. Alipitisha waya mwekundu kwenye ufunguo. Alikwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa, akakaza masi hapo. Mwisho alirudisha bateri, akampa Mama Agathe ufunguo.

"Washa weye mwenyewe, Mama."

Redio iliwaka. Kilio hakikuwepo. Mwanaume wa posti ya Bujumbura, ng'ambo ya ziwa, alikuwa akisoma matangazo kwa Kirundi. "...mama..." alisema: mama fulani alikuwa akitafuta ng'ombe wake aliyepotea.

Mama Agathe alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu si Damien," alisema.

"Hapana, Mama."

"Damien alikuwa na sauti nzito."

Akajifunika uso kwa kitenge, akalia. Alilia kwa nguvu, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Eliane alimshika. Fabiola aliweka vyombo vyake chini, akangoja.

Siku hizi gari linawaka kila asubuhi. Abiria wamerudi. Jirani yao Achille aliponunua redio ya gari, Mama Agathe ndiye aliyemuuliza wa kwanza: "Fizibo umeiweka wapi?"

Jumamosi moja Mama Agathe alipanda gari pamoja na Ildephonse na Eliane kwenda Lubarika. Walipotoka mjini, yeye mwenyewe alizima redio. Alianza kumsimulia Eliane jinsi Damien alivyokuwa akiogopa kuku alipokuwa mtoto. Eliane alicheka. Ildephonse naye alicheka, akafuta macho.

Mashamba ya mchele yakaonekana. Wakulima walikuwa wakingoja na magunia.

"Nitamaliza tukirudi," Mama Agathe alisema, akafungua mlango.