Kiti cha Wa Pili

Asubuhi ile soko la vyuma chakavu lilifurika watu, na kila mtu alikuwa amekumbatia kitu ambacho mwenzake alikiona takataka. Mkasi alikuwa ameshika kiti cha kukunja, vile vya kujilaza, miguu imeota kutu lakini turubai lake zima, la mistari ya kijani na nyeupe. Alikivuta, hakikuja. Akakivuta tena, akainua macho, na kumbe upande wa pili kuna mwanamume wa ovaroli ya buluu iliyotobolewa vijitundu vya moto, naye amekishika kwa mikono miwili.

"Kaka, hiki nimekiwahi," Mkasi alisema.

"Umekiwahi huko, dada. Huku nimekiwahi mimi."

"Unakitakia nini na kimeshavunjika?"

"Nataka vyuma. Wewe je?"

"Turubai."

Wakatazamana. Muuzaji, aliyekuwa ameanza kufurahia ugomvi, alinywea. Mkasi alitoa mkasi kwenye mkoba. Jina lenyewe lilitokana na huo, mkasi wa kushonea usiobanduka kwake, ingawa waliomjua vizuri walisema lilitokana na ulimi. Akafumua turubai palepale mbele ya watu na kumwachia bwana yule mifupa ya kiti. Alikuwa amevaa gauni la manjano lililomshika kiunoni na kumwachia huru kuanzia hapo kwenda chini, na yule bwana alilitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Umelishona mwenyewe?"

"Kwani vipi?"

"Mshono umenyooka kuliko ninavyonyoosha mimi chuma. Nipe namba yako. Nina kiti kinahitaji kushonwa."

"Una kiti, au unatafuta namba?"

"Vyote viwili," alijibu, na kwa kuwa hakutafuna maneno, akapewa.

Mafundi wenzake walimwita Cheche. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha, na hilo la kiti lilikuwa kweli tupu. Nyuma ya karakana yake, juu ya mawe mawili, kulikuwa na baiskeli mbili za zamani zilizokatwa kwa msumeno na kuunganishwa kuwa kitu kimoja kirefu, gurudumu dogo mbele, kubwa nyuma, minyororo mitatu imeungwa kuwa mmoja. Pedali zilikuwa huko mbele kabisa. Mpandaji angekaa chini katikati, ameegemea, miguu ameinyoosha.

"Hii baiskeli au kitanda?" Mkasi aliuliza.

"Subiri niipande ndipo ucheke."

"Nikisubiri nitachelewa." Akacheka hadi akashika ukuta.

Lakini aliushona mgongo wa kiti kwa lile turubai la mistari, na kufikia siku alipokivalisha kile kiti kwenye fremu, hawa wawili walikuwa wameshaoza kwa mapenzi. Mkasi akawa akifunga mashine yake jioni anapitia karakanani, anajibwaga sakafuni na kuegemea ukuta, kwa kuwa kutwa nzima ya kuinamia cherehani humkata mgongo. Cheche angemaliza weldi ya mwisho, avue miwani, aseme, "Roho yangu umefika," na yeye angejibu, "Roho yako ina njaa." Walikubaliana Jumapili ya mwisho wa mwezi Cheche aende kumsalimia mama yake Mkasi. Mama alishaanza kupiga simu kila siku kuuliza huyo mgeni anakula nini.

Sasa, Mkasi alikuwa na wivu. Si ule wivu wa kusingizia ili abembelezwe, la. Ulikuwa unamla kweli. Simu ya Cheche ikilia, alikuwa anasikiliza kwanza anavyoitika ndipo ajue aendelee kupumua au asiendelee. Na kama kwamba hayo hayatoshi, baiskeli ile ilimleta Twiga.

Twiga alikuwa mwalimu wa michezo, mwembamba, shingo imesimama, mshindi wa mbio za baiskeli enzi zake. Ndiye aliyekuwa na ufunguo wa uwanja wa shule, na ndiye aliyejitolea kumfundisha Cheche kuipanda. Maana kuipanda kulimshinda. Kila Jumamosi alikuwa anajilaza, anainua mguu, anasukuma, na kabla mguu wa pili haujafika kwenye pedali yuko chini ubavu. Twiga alikuwa anamshika mabega kwa nyuma.

"Usiuvute usukani. Hauendi popote, umefungwa. Lala, Cheche, lala kabisa," alimwambia, na Mkasi akiwa amekaa pembeni alihesabu: amesema lala mara mbili.

Jumamosi ya nne baiskeli ilienda. Ilizunguka uwanja mzima na Cheche juu yake amejilaza kama mzee aliyestaafu, anacheka peke yake. Aliposhuka, Twiga ndiye aliyekuwa karibu, kwa hiyo Twiga ndiye aliyekumbatiwa kwanza. Mkasi alikumbatiwa wa pili. Njia nzima kurudi nyumbani alitembea nyuma peke yake, na Cheche, mwanamume wa watu, akadhani amechoka na jua.

Wiki iliyofuata Cheche alipiga simu.

"Mpenzi, nishonee kiti kingine."

"Kile kimechanika?"

"Kile kizima. Naunda nyingine."

"Ya nani?"

"Ya... ya mteja."

"Mteja gani?"

"Mkasi jamani. Mteja ni mteja. Vipimo utavikuta kwenye daftari, mezani. Mimi sitakuwepo, naenda kufunga geti la watu."

Alikwenda. Alifungua karakana kwa ufunguo aliopewa na Cheche. Daftari lilikuwa mezani, limelaliwa na tupa. Akalifungua ukurasa wenye kalamu katikati, na juu yake, kwa herufi kubwa za fundi asiyetaka kukosea, palikuwa pameandikwa WA PILI. Chini yake: mgongo 22, bega 15, mguu 39.

Mtu mwingine angeona namba. Mkasi aliona mwanamke. Bega la kumi na tano halikuwa la mwanamume. Na mguu ule haukuwa wa Mkasi mwenyewe. Suruali zake alizikata mwenyewe miaka yote, inchi thelathini na sita toka kiunoni hadi kwenye kifundo, haijawahi kuongezeka hata nusu. Thelathini na tisa ilikuwa ya mwanamke mrefu, na mwanamke mrefu alikuwa mmoja tu. Lakini namba angeweza kuzivumilia. Lililomchoma ni lile neno. Baiskeli ingekuwa ya pili. Wa pili ni mtu.

Akakaa pale sakafuni, mahali pake pa kila siku, akalia kidogo. Kisha akanakili vipimo na kwenda kukata turubai.

Alikikata kiti vizuri, kwa sababu mkono wake haujui kukata vibaya. Alipofika kwenye kushona ndipo alipoweka cherehani kando, akachukua sindano ya mkono na uzi mwembamba mweupe, ule wa kushikizia nguo kabla haijashonwa. Akakipiga bandi. Mshono mmoja mrefu mrefu kila upande, na juu yake akakunja pindo ili usionekane. Ukikitazama ni kiti. Ukikikalia kitakubeba hatua chache, na kwenye shimo la kwanza kitakuachia. Alikituma kwa mwenye bodaboda, halafu akapiga simu.

"Jumapili usije kwa mama."

"Kuna nini? Mama anaumwa?"

"Mama mzima. Usije tu."

"Mkasi, nimekukosea nini?"

"Jiulize," akasema, akakata.

Cheche alipiga mara kumi na moja siku ile. Mama yake naye alipiga, kuuliza kama mgeni anapenda pilipili. "Haji, mama," Mkasi alimjibu, na mama akakata simu bila kuaga, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Jumamosi Mkasi alivaa gauni jeusi akaenda uwanjani. Alijiambia anaenda kurudisha ufunguo wa karakana. Ukweli ni kwamba alikwenda kuona Twiga akianguka.

Cheche na Twiga walikuwa juu ya kimteremko kinachoingia uwanjani. Baiskeli ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, imepakwa rangi ya manjano iliyokolea, na Twiga alikuwa ameshakaa, mguu mmoja juu ya pedali. Cheche alisimama pembeni, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Alipomwona Mkasi hakutabasamu.

Mkasi alimtazama Twiga, na jicho lake la kazi likaona kabla moyo haujaruhusu. Magoti ya Twiga yalikuwa yamepanda hadi karibu na kidevu. Mabega yamebanwa. Alikuwa amekaa kwenye kitu kile kama mtu aliyevaa sare ya mdogo wake. Hakuna fundi, hata awe mlevi, angemkatia mtu huyu nguo hii.

"Hii baiskeli ni ya nani?" aliuliza.

"Ya mtu aliyenikataza nisije kwa mama yake," Cheche alisema. "Mwalimu ananijaribia breki tu."

"Mguu wangu ni thelathini na sita."

"Hapo ni kiunoni. Baiskeli hii haijui kiuno. Inapimwa ukiwa umekaa, toka mgongoni mpaka kisigino, na kiatu kikiwemo. Ulikuwa umeegemea ukuta wangu, nikakuwekea alama ya chaki, ukaniambia nikuache upumzike. Nilitaka mgongo wako ukipumzika upumzikie kitu chako."

"Umeandika wa pili."

"Mchoro, Mkasi. Mchoro wa pili. Wa kwanza niliuharibu." Akamtazama, na taratibu uso wake ukabadilika. "Wewe ulidhani nani?"

Twiga, aliyekuwa haelewi lolote katika mazungumzo hayo, alikuwa ameachia breki. Mkasi alikimbia. Viatu vilimtoka, alilishika lile dude la chuma kwa nyuma kwa mikono yote miwili, likamburuta hatua tatu nne magoti yakichunika, likasimama.

"Shuka," alisema. "Mwalimu, tafadhali shuka. Nimekishona bandi."

"Ndiyo nini?"

"Hakijashonwa. Nimekishikiza tu. Nilitaka uanguke."

Twiga alishuka. Aliingiza kidole chini ya pindo, akavuta uzi, na upande mzima wa kiti ukafumuka kwa mvuto mmoja. Aliutazama ule mteremko hadi mwisho wake, kwenye zege.

"Ningevunjika kiuno," alisema kwa sauti ya kawaida, na sauti hiyo ilimuumiza Mkasi kuliko kama angetukanwa.

Cheche aliinua baiskeli begani na kuondoka nayo. Hakugeuka.

Siku nne Cheche hakupiga simu. Siku ya tano Mkasi alishona kiti kingine kwa vipimo vilevile, uzi wa viatu uliopakwa nta, mishono mitatu sambamba kila upande, mashine inanguruma. Kisha, badala ya kukipeleka karakanani, alikipeleka shuleni.

"Mwalimu, sina cha kujitetea," alisema mlangoni. "Nimekuletea ukivute."

Twiga alimpima kwa macho. Kisha akakifunga kiti kwenye nguzo ya goli kwa kamba, akakishika na kuning'inia nacho kwa uzito wake wote, miguu hewani. Akajirusha. Akajirusha tena, safari hii kwa hasira, na kwa kweli alikuwa na haki ya hasira hiyo. Kiti hakikulalamika. Alitulia akihema, akatoa simu.

"Cheche? Lete ile ya manjano. Ndiyo, yupo hapa. Nimemsamehe nusu, nusu nyingine wewe ndiye utakayeamua."

Cheche alikuja akiisukuma. Alifunga kiti, akakaza boliti moja moja, muda mrefu kuliko boliti zilivyohitaji. Halafu akamwambia Mkasi akae. Alikaa. Kisigino kilifika kwenye pedali pale pale, mgongo ukapata mahali, na baada ya miaka kumi ya cherehani ule uti ukaachia.

"Sheria moja tu," Twiga alisema. "Usigeuke nyuma. Baiskeli ya kawaida inakuruhusu kuchungulia. Hii ukigeuza shingo, mabega yanafuata, na umekwenda chini. Tazama mbali mbele."

Alianguka mara ya kwanza kwa kuwa hakusukuma vya kutosha. Mara ya pili ilikuwa kwa sababu nyingine. Alikuwa ameshaondoka vizuri, miguu inazunguka, na nyuma yake akawasikia wale wawili wakicheka. Wanacheka nini? Akageuka, akala vumbi.

Mara ya tatu alianza polepole. Akalala kama kiti kilivyotaka. Magurudumu yakakaa sawa, upepo ukampita masikioni, na kicheko kikaja tena kutoka nyuma, cha mwanamke kwanza, kisha cha Cheche. Wivu haukuwa umeenda popote. Ulikuwa umekaa naye pale pale kwenye kiti, unamvuta shingo. Mkasi alikaza macho kwenye ukuta wa mwisho wa uwanja, akasema moyoni, wacha wacheke, akaendelea.

Alipomaliza upande mmoja alisikia mtu anakimbia nyuma yake, viatu vizito vya karakana.

"Mkasi." Alikuwa anahema. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nitakuwa nayo muda mrefu."

"Najua, kipenzi."

Viatu vilikimbia kidogo.

"Jumapili nije kwa mama, au nisije?"

"Uje."

"Sema ukiniangalia."

"Nikikuangalia nitaanguka," Mkasi alisema, machozi yakimwendea masikioni kwa jinsi alivyolala. "Uje."

Akakanyaga pedali, naye akaongeza mbio.