Rejeta ya Baridi Katikati ya Jangwani

Mshale wa joto uligonga wekundu mahali ambapo hata kichaa asingechagua kusimama: katikati ya bonde la Jangwani, asubuhi ya mafuriko, maji ya kahawia yakikata barabara mbele na nyuma. Hyasinta akazima injini hapo hapo. Mvuke ukatoka kwa kishindo pembeni mwa boneti, na lile gari kubwa la dizeli, ambalo mtaa wao wote kule Magomeni huliita Shangazi, likanyamaza juu ya kipande cha lami kilichokuwa bado hakijamezwa.

"Usiniambie," akasema Abubakary, aliyekaa kiti cha mbele.

"Nikuambie nini? Limechemsha. Macho unayo."

Hyasinta, au Mama Stella kama wengi wanavyomwita, ni mwalimu wa sayansi aliyestaafu. Gari hilo aliachiwa na marehemu mumewe, na badala ya kuliuza kama shemeji zake walivyotaka, alinunua spana na daftari. Uani kwake analala chini ya gari na miwani yake, anabadilisha oili, anasikiliza injini kwa kipande cha bomba sikioni, halafu anaandika. Kazi zikimshinda humwita Abubakary, jirani yake, fundi wa gereji za mtaa wa Gerezani, mwenye mikono mizuri na mdomo mkubwa.

Leo fundi hakuwa na utani. Nyuma alikaa Bi Kijakazi, mama yake mzazi, mwenye figo zilizokwisha kabisa na anayeishi kwa mashine ya kusafisha damu, hospitalini Upanga. Zamu ya Alhamisi aliikosa kwa mvua. Sasa ilikuwa Jumamosi, miguu imevimba, pumzi inakuja kwa vipande. Muuguzi alisema kwenye simu: afike kabla ya saa sita, zaidi ya hapo maji yatajaa mapafuni. Teksi tatu zilikataa bonde. Shangazi, refu na lenye mkonga wa kuvutia hewa juu ya paa, lilikubali. Walipopita tu, askari akafunga barabara nyuma yao.

Saa ilikuwa nne na robo.

Abubakary akakunja suruali, akaingia majini kupima njia. Hatua kumi, magoti. Hatua kumi na tano, mapaja, na hapo maji yakamvuta mguu, akaanguka, akashikilia kingo za barabara na kurudi akitambaa. Kiganja kilikuwa kimechanika.

"Nikimbeba mgongoni tunaenda na maji wote wawili," alisema akitweta.

"Funga hilo jeraha," Hyasinta akamwambia. "Hapa hatutoki ila kwa gari."

Akashuka kuangalia gurudumu la mbele. Maji yalikuwa yanalamba ukingo wa chini wa rimu. Akaamua kuwa nati za gurudumu ndizo saa yake: maji yakifika nati ya chini, hawana muda tena wa kuwaza.

Mfuniko wa rejeta, lile tangi la mbele linalopoza maji ya injini, haufunguliwi ukiwa wa moto, unakuunguza uso. Kwa hiyo walisubiri, na kusubiri kule ndiko kulikokuwa kubaya, maana nyuma Bi Kijakazi alikuwa akihema na kila mtu alikuwa akijifanya hasikii. Hyasinta alifungua daftari. Mbona uani halichemshi, hata likinguruma nusu saa? Mbona linachemsha likipewa kazi tu? Mkanda alishabadilisha. Pampu ya maji nzima. Rejeta alishaiosha mara mbili, na kila mara Abubakary alimwambia, "Mama, tununue nyingine." Mtu wa sayansi hanunui kabla hajajua.

Akasimama mbele ya gari, akasogeza mkono taratibu kwenye rejeta. Taratibu, kwa sababu alitegemea kuungua.

Ilikuwa ya baridi.

"Abuu! Njoo ushike hapa!"

Abubakary akashika. Akatoa mkono, akaurudisha tena. Injini ilikuwa inachemka kama sufuria ya maharage, na rejeta, sentimita chache mbele yake, ilikuwa baridi kama kifuniko cha mtungi.

"Haiwezekani," akasema.

"Imewezekana. Maji hayafiki kwenye rejeta kabisa!" Na jamani, yule mama alikuwa anatabasamu, katikati ya mafuriko, kama aliyeokota pete yake iliyopotea. Kisha akafunua daftari nyuma, na tabasamu likaisha. "Kuchemsha kumeanza Machi mwaka jana. Kabla ya hapo, hata mara moja. Machi mwaka jana ulilifanya nini gari langu?"

Fundi akaangalia maji.

"Abubakary. Nakuuliza."

"Nilitoa themostati."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, mama. Gerezani wote tunatoa. Bongo joto, themostati ya nini? Tunasema ile ni ya nchi za barafu, inazuia maji bure."

Hyasinta akafumba macho. Aliwahi kukichora kidude hicho ubaoni. Kikipata joto kinafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huo huo kinaziba mpira mdogo unaorudisha maji moja kwa moja kwenye pampu. Kikitolewa, njia zote mbili ziko wazi, na maji yanashika ile fupi. Yanazunguka ndani ya injini mpaka yanachemka, huku rejeta ikipata matone.

"Mwaka mzima unaniambia ninunue rejeta," alisema, akilifunga daftari kwa kishindo. "Mwaka mzima! Na kitu umekitoa wewe!"

Abubakary alikuwa anamtazama mama yake kupitia kioo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka ardhi ipasuke.

"Mtagombana kesho," Bi Kijakazi akasema kutoka nyuma, neno moja kwa pumzi moja. "Mimi leo... nataka kufika."

Maji yaligusa nati ya chini.

Wakafanya kazi. Ule mpira mdogo ulikuwa umejificha nyuma ya bomba, wa moto bado. Abubakary akaukunja kwa plaizi, akaubana, akauzungushia mkanda wa tyubu ya tairi na waya juu yake, vidole vikiungua, kidonda kikitoa damu, wala hakusema "aii". Hyasinta akafungua mfuniko kwa kitenge. Ndani kulikuwa kukavu.

"Lita tano zinatakiwa."

"Ya mafuriko?"

"Ule ni uchafu na mchanga, utaziba kila kitu. Tuna maji gani?"

Walikuwa na chupa ya nusu lita, ya Bi Kijakazi, aliyopimiwa na daktari kwa siku nzima, maana figo zake hazitoi maji. Watu watatu katikati ya maji kama yale, na hawana maji. Bi Kijakazi akainua kidole.

"Juu," alisema. "Tangu tumesimama nayasikia yanacheza juu ya kichwa changu. Nyie mnaokunywa mtakavyo... hamwezi kuyasikia."

Kwenye keria, juu ya paa, turubai lililofunika tairi la akiba lilikuwa limebonyea, limejaa maji ya mvua, safi. Abubakary akapanda, akalikunja pembe kama mdomo wa birika, Hyasinta akakinga dumu la lita tano, likajaa hadi juu na mengine yakamwagika. Bi Kijakazi akatoa mkono dirishani, akalowanisha kidole kimoja, akajipaka midomoni. Basi.

Wakayamimina yote kwenye rejeta, na Shangazi likawaka kwa mara ya pili. Mshale ukapanda hadi katikati, ukatikisika, ukakaa. Hyasinta akaingiza gia nzito na kuingia majini bila kusimama, wimbi likisukuma boneti, pipa likipita ubavuni, Abubakary akihesabu nguzo za taa kwa sauti ili wasipotee barabara. Nguzo ya tisa maji yalifika kwenye taa za mbele. Ya kumi na nne yalianza kushuka. Walipotokeza Faya, ng'ambo ya bonde, watu waliokuwa wamesimama kutazama mafuriko walipiga makofi, na hakuna aliyejua kwa nini dereva alikuwa analia.

Upanga walifika saa sita kasoro dakika kumi na moja. Wauguzi wakamkimbiza Bi Kijakazi kwa kiti cha magurudumu. Hyasinta akabaki nje, akafungua boneti, akaweka kiganja kwenye rejeta.

"Yarabi, inaunguza!" akapiga kelele, akacheka peke yake, akipuliza vidole.

Ndani, Abubakary alikaa kando ya mashine, damu ya mama yake ikipita kwenye mirija miwili. Akatoa simu kwa mkono uliofungwa bandeji.

"Mzee Gaudens, shikamoo. Ni Abubakary, fundi... Lile gari lako, usisafiri nalo kwanza. Kuna kitu nilikitoa, sikukwambia... Ndiyo mzee. Nisamehe. Nitakuja kukirudisha."

Akakata, akavuta pumzi, akatafuta jina lingine.

"Wamebaki wangapi?" Bi Kijakazi aliuliza, macho kafumba.

"Wengi, mama."

"Mimi nakaa hapa masaa manne. Endelea kupiga."