Siku Nicla Alipofungiwa Mnarani

Kila asubuhi melini, Bibi Filomena aliamka kabla ya mjukuu wake, akajifunga kitambaa kichwani, akapanda juu kuiangalia bandari waliyofika. Kisha alirudi chumbani na kumtikisa Nicla mguu.

"Amka, mvivu wee! Watu wameshakunywa kahawa, wewe bado unakumbatia mto."

Nicla alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Yeye na bibi yake walitoka Taranto, ambako bibi aliuza samaki sokoni hadi uzee ulipomshika. Safari ile ilikuwa zawadi kutoka kwa watoto wake, na Nicla alipelekwa ili amsaidie. Kazi yake ilikuwa moja tu: kubeba begi la mgongoni. Humo mlikuwa na chupa ya maji na dawa ya moyo ya bibi, vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kinapombana. "Begi hili lisikae mbali na bibi yako," mama alikuwa amemwambia bandarini, na Nicla aliitikia kwa kichwa.

Siku hiyo meli ilitia nanga Ravenna, na abiria wakapanda basi kwenda Bologna, mji wenye minara ya kale. Njia nzima Nicla alicheza michezo kwenye simu yake. Nyuma yake alikaa Corrado, mvulana wa Bergamo, pamoja na vijana wengine wawili wa melini.

"Nicla," Corrado aliita, "leo tena utashinda umemshika bibi mkono? Hivi nani anamtembeza mwenzake?"

Wenzake wakacheka.

"Mimi leo napanda mnara," Nicla akajibu bila kugeuka.

"Wewe? Labda bibi akubebe mgongoni!"

Kicheko kiliongezeka. Nicla aliwaka masikio. Bibi Filomena, aliyekaa kando yake, alikuwa amesinzia na hakusikia lolote.

Ulikuwa mwezi wa Julai, na joto la Bologna lilikuwa limetulia juu ya mawe kama blanketi. Walitembea chini ya baraza zenye matao, mtaa baada ya mtaa, mpaka bibi akasimama na kushika kiuno.

"Miguu imegoma," alisema. "Mimi nakaa hapa." Akajitupa kwenye kiti cha mkahawa wenye miavuli ya kijani, karibu na chemchemi ya uwanjani, akaagiza maji ya limau.

Marilena, mwongozaji wao, alikuwa anawakusanya abiria kwenda kuona ukumbi wa zamani wa chuo kikuu. Nicla akamwinamia bibi yake. "Bibi, Dada Marilena anasema watoto wote twende naye."

"Kama ndivyo anavyosema, nenda. Usikae mbali naye."

Nicla akakimbia hadi kwa Marilena. "Dada, bibi yangu amechoka. Mimi nabaki naye."

"Vizuri sana, mtoto mzuri wewe," Marilena alisema, akampapasa kichwa.

Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Kundi likaenda upande mmoja, naye akapenya upande wa pili, begi likimgongagonga mgongoni.

Hakwenda mbali. Kwenye kichochoro kimoja aliona lango la jumba kuukuu likiwa wazi. Ndani mlikuwa na ua mtulivu, na pembeni mnara mwembamba wa matofali mekundu. Kamba ilikuwa imefungwa mbele ya mlango wa mnara, na juu yake bango: Pamefungwa. Lakini mlango wenyewe ulikuwa umeegeshwa tu. Kiti cha mlinzi kilikuwa kitupu. Nicla alitazama kulia na kushoto, akainama, akapita chini ya kamba.

Ngazi zilikuwa za mbao na zilimlalamikia kila alipokanyaga. Juu alikuta chumba kidogo chenye madirisha membamba, na mapaa mekundu ya mji yakiwa yametandazwa chini yake. Alipiga picha nyingi. Alikuwa anachagua ya kumwonyesha Corrado wakati simu ilipozimika mkononi. Betri ilikuwa imekwisha.

Aliposhuka, mlango ulikuwa umefungwa. Alisukuma. Akasukuma tena kwa bega, kisha akaupiga kwa ngumi zote mbili.

"Mzee! Mzee wa mlangoni! Kuna mtu humu!"

Njiwa walipiga mabawa juu, basi. Mlinzi alikuwa amerudi, akafunga mlango kwa ufunguo na kwenda kula chakula cha mchana, na katika mji ule hakuna mtu anayeharakisha chakula cha mchana.

Nicla aliketi kwenye ngazi ya chini kabisa, gizani. Mwanzoni hakuogopa sana. Alijiambia, "Watanitafuta. Bibi atamwuliza Dada Marilena." Kisha akawaza vizuri. Bibi hangeuliza, kwa sababu alijua Nicla yuko na Marilena. Marilena naye hangeuliza, kwa sababu alijua Nicla yuko na bibi. Katika mji mzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akimtafuta.

Alijiinamia, na begi likateleza hadi begani. Ndani, vidonge vikalia ndani ya kichupa chao. Nicla alishtuka kama aliyepigwa kofi. Dawa! Alikuwa ameondoka na dawa!

Alipanda ngazi mbio, mikono ikishika kuta. Dirisha moja lilitazama kichochoro, na huko chini aliona kundi la wanafunzi wa chuo. Katikati yao alisimama msichana mrefu mwenye taji la majani kichwani, aliyekuwa amehitimu asubuhi ileile. Kwa utani wa mahafali, marafiki zake walikuwa wamemvisha mapezi ya kuogelea miguuni na kumpaka unga usoni, nao wakiimba kwa sauti ya kupasua masikio.

"Nisaidieni!" Nicla alipiga kelele. "Nisaidieni jamani!"

Waliinua nyuso zao, wakampungia mikono.

"Hee, umeshapanda mnara?" kijana mmoja akapaza sauti. "Basi umekwisha! Anayepanda mnara kabla ya kuhitimu hahitimu kabisa!"

Wakaangua kicheko na kuendelea kuimba. Nicla alivua kofia yake akaitupa. Kijana yuleyule aliidaka na kuivaa, na wote wakampigia makofi. Walidhani anasherehekea pamoja nao.

Nicla alishika nondo za dirisha. Machozi yalimtoka. Angeweza kuendelea kulia nisaidieni, nao wangeendelea kucheka. Kitu alichokuwa hataki kukisema mbele ya watu ndicho pekee ambacho kingewanyamazisha. Akavuta pumzi.

"Nimemdanganya bibi yangu!" alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. "Ana ugonjwa wa moyo, na dawa ninayo mimi! Hajui niko wapi! Nimewadanganya wote!"

Wimbo ulikatika kidogokidogo, mtu mmoja mmoja. Msichana mwenye taji akawanyamazisha waliobaki kwa mkono.

"Rudia, mdogo wangu! Bibi yuko wapi?"

"Uwanjani, karibu na chemchemi! Mkahawa wenye miavuli ya kijani! Amevaa gauni la maua ya njano, anaitwa Filomena!"

"Na wewe?"

"Mimi nimefungiwa, lakini dawa kwanza! Tafadhali, dada, dawa kwanza!"

Wanafunzi walikunjua bango lao la kitambaa na kulishika pembe zote kama shuka. Nicla alilibana begi likapita katikati ya nondo, akaliachia. Lilitua katikati ya kitambaa. Msichana yule, ambaye jina lake lilikuwa Iolanda, alirusha mapezi huku na huku, akalikumbatia begi na kutimua mbio miguu mitupu. Yule aliyevaa kofia akakimbilia upande wa pili kumtafuta mlinzi.

Kichochoro kikabaki kitupu. Hapo ndipo Nicla alipojua kufungiwa ni nini. Begi halikuwepo tena mgongoni, na bado alihisi uzito wake. Alisikia king'ora cha gari la wagonjwa kikipita mahali fulani nyuma ya mapaa, kikanyamaza. Je, kilikuwa kinamwendea bibi? Hapakuwa na wa kumwuliza. Aliziba masikio, akayazibua upesi kwa hofu ya kukosa kusikia mlango.

Mwishowe ufunguo uligeuka. Mlinzi, mzee mnene aitwaye Gualtiero, alisimama mlangoni na kitambaa cha kulia chakula kikiwa bado shingoni, yule kijana mwenye kofia akiwa nyuma yake. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa hasira.

"Kamba yangu uliiona au hukuiona?"

"Niliiona."

"Na bango?"

"Nililisoma, mzee. Nilipita hivyohivyo. Nisamehe."

Mzee Gualtiero alikuwa amejiandaa kwa jibu jingine. "Mimi nami sikupanda kukagua kabla ya kufunga," alisema. "Haya, usisimame hapo. Kijana huyu amepigiwa simu: bibi yako yu hai. Twende."

Njiani kijana yule alimsimulia Nicla yaliyotokea. Kundi lilikuwa limerudi uwanjani, na Marilena akamwuliza bibi, "Nicla yuko wapi?" Bibi akajibu, "Si ulikuwa naye wewe?" Walipotazamana, bibi aliinuka ghafla akaanza kuita jina la mjukuu wake chini ya matao, mpaka kifua kikambana, akaanguka kando ya nguzo. Iolanda alimkuta hapo.

Sasa bibi alikuwa ameketi kitini, na daktari wa gari la wagonjwa akimpima shinikizo la damu. Kidonge kilikuwa kimeshafanya kazi yake. Iolanda alipiga magoti kando yake, taji limekaa upande, akimpepea kwa menyu ya mkahawa. Abiria wote walikuwa wamewazunguka, Corrado akiwa mbele.

"Nicla! Ulipotea njia?" Marilena aliuliza.

Wote walimsubiri. Neno "ndiyo" lingetosha. Hata bibi angelikubali.

"Sikupotea," Nicla alisema. "Nilimwambia bibi niko na wewe, na wewe nikakwambia niko na bibi. Nilitaka kupanda mnara."

Corrado alitazama viatu vyake. Bibi Filomena alinyoosha mkono, akamshika Nicla kifundo cha mkono kwa nguvu hata kikauma, na hakumwachia mpaka walipokuwa ndani ya basi.

Basi lilikuwa limeshatoka mjini bibi alipozungumza.

"Mlango wa mnara ulifungwa na mzee yule, naye hakujua kama umo," alisema taratibu. "Lakini kabla yake ulikuwa umeshafungiwa, mjukuu wangu. Ulijifungia mwenyewe. Ukimwambia mtu ukweli, anajua pa kukutafuta. Ukimdanganya, unamziba macho yule ambaye angekuja kukutoa. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka kwako, nakunywa maji ya limau, na moyo wangu umetulia kabisa. Unaelewa ubaya wake?"

"Naelewa, Bibi."

"Na nani alikufungulia? Si mzee mwenye ufunguo. Ni pale ulipowaambia wale watoto ukweli. Aibu ile ilikuuma, sivyo?"

"Iliniuma sana."

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sasa nipe bega lako, nimechoka."

Kesho yake meli ilifika bandari nyingine. Safari hii Nicla aliamka mwenyewe, akamletea bibi kahawa, akaketi ukingoni mwa kitanda chake.

"Bibi, Corrado na wenzake wanakwenda kuogelea ufukweni. Mama yake Corrado atakuwa nao. Ninataka sana kwenda. Naomba ruhusa."

Bibi alikoroga kahawa kwa muda mrefu.

"Hapana," alisema. "Leo hapana."

Jibu lilimchoma Nicla, lakini hakununa. Alichukua begi, akahakikisha dawa imo, akakaa chini.

"Kesho uniulize tena," Bibi Filomena akaongeza, akamsogezea kipande cha mkate.