Kilo za Innocent

JUMATATU, BAADA YA ADHUHURI

"Haliwezi," Manase alisema.

Stoo ya nyuma ya gereji, Raskazone. Joto. Harufu ya dizeli. Mlango umekomewa, na wanaume wanne wameinamia ramani iliyochorwa kwa chaki sakafuni. Mselem ndiye bosi: mwembamba, kanzu safi, sauti ya chini. Badru ni mkono wake wa kulia, na bastola haimtoki kiunoni. Innocent ni pande la mtu. Kazi yake kubeba, na ambacho wenzake wanasukuma, yeye anakikumbatia na kuondoka nacho. Manase ni fundi na dereva. Innocent ni shemeji yake, kaka wa mkewe Benedikta.

Kazi kuisema tu ilikuwa nyepesi. Mwera kuna tajiri wa nazi na ufuta asiyeamini benki. Ijumaa, wanaume wote wakiwa msikitini, wanaingia, wanalibeba kasha lake la chuma, wanatokea njia ya pori hadi Mkata. Barabara kubwa hawaigusi. Shida ilikuwa kilima cha udongo mwekundu katikati ya pori. Mvua imenyesha, na mkonga wao, Landkruza la miaka hiyo, injini imechoka.

"Kasha na watu wanne? Litafia katikati," Manase alisema.

"Dawa yake?" Mselem aliuliza.

"Injini nyingine, milioni kumi na mbili. Au tufunge tabo iliyotumika, milioni nne. Na ukiiongezea injini nguvu, klachi na rejeta navyo vinadai chao."

"Cha bure hakuna?"

"Kupunguza uzito. Keria itoke, viti vya nyuma vitoke."

Innocent alijipiga tumbo. "Basi mimi sili wali mpaka Ijumaa!"

Wakacheka. Mselem hakucheka. Alimtazama Innocent juu mpaka chini kama mtu anayepima ng'ombe mnadani.

Wengine walipotoka alimzuia Manase mlangoni.

"Shemeji yako ana kilo ngapi?"

"Mia na kumi, labda."

"Tabo milioni nne. Yeye bure." Mselem alisema bila kupandisha sauti. "Kilimani unasimama, unasema tumekwama. Innocent atashuka kusukuma, si unamjua? Badru atashuka naye. Atakayerudi garini ni Badru."

"Ni kaka wa mke wangu, bosi."

"Ndiyo maana nakwambia mapema, uzoee. Ukimtonya, mtabaki wawili pale kilimani."

ALHAMISI, ASUBUHI

Siku tatu Manase hakutulia. Anafungua boneti, anafunga. Anaingia chini ya gari, anatoka, hajui alifuata nini. Aling'oa keria, akang'oa viti, akang'oa hata zulia. Hesabu ikagoma. Palibaki uzito wa mtu mmoja, tena mtu mnene.

Akimbie? Mselem anapajua kwake. Amwambie Innocent? Jamani, Innocent hana kifua! Angemvaa Badru papo hapo, na risasi haina habari na ubavu wa mtu.

Basi akauza bodaboda yake, ile iliyokuwa inalisha nyumba, akaongezea akiba yake yote, akanunua tabo. Klachi aliiacha. Hakubakiwa na hata senti.

"Baba Yona, pikipiki iko wapi?" Benedikta aliuliza.

"Gereji."

"Haya. Na watoto wakale huko huko gereji?"

Alitamani kumwambia: nimemkomboa kaka yako. Akachukua spana zake, akarudi gereji.

Jioni alimwashia Mselem injini. Tabo ikapiga mluzi mwembamba.

"Pesa yangu, bosi. Sasa linapanda na wote wanne."

Mselem alisikiliza, akatabasamu. "Hongera, fundi. Mungu akuzidishie."

Usiku ule Manase alilala usingizi wa pono.

IJUMAA, SAA SABA MCHANA

Mwera kimya. Badru alimfunga mlinzi kitambaa mdomoni. Innocent alilikumbatia kasha, mishipa ya shingo ikamtoka, akalitua nyuma ya gari mpaka springi zikalia. Mwanamke wa nyumba ya pili akapiga yowe. "Wezi!" Walikuwa wameshaondoka.

Kilima kile hapo. Manase aliunga magurudumu yote manne, akakanyaga. Tabo ikapiga mluzi. Tope likaruka. Weee! Likapanda!

"Shemeji!" Innocent alishangilia, amekalia kasha. "Dude hili!"

"Simama," Mselem alisema.

"Linavuta, bosi."

"Kamba ya kasha imelegea. Simama, Innocent ashuke aikaze."

Kamba haikulegea. Manase aliifunga mwenyewe. Kwenye kioo aliona mkono wa Badru ukiingia kiunoni, ndipo akaelewa, na moyo ukamchoma. Uzito ulikuwa kisingizio tu. Watu walitaka mafungu matatu, si manne.

Hakusimama.

"Manase!"

"Nikisimama hapa tunaporomoka wote!"

Wakafika kileleni. Njia ya kushoto, Mkata. Ya kulia inarudi Bweni, kwenye kivuko cha kuvukia kwenda Pangani mjini. Pale Ijumaa hapakosi foleni ya magari, akina mama wa samaki na askari.

Akakata kulia.

Mdomo wa bastola ukamgusa shingo. "Piga," Manase alisema. "Usukani utaushika wewe?"

"Shemeji, una wazimu?" Innocent alipiga kelele. "Njia siyo hii!"

SAA NANE KASORO

Aliingia Bweni honi ikilia mfululizo, akafunga breki mbele ya kivuko. Watu wakatawanyika. Badru akaitupa bastola dirishani, lakini nani hakuiona? Askari wakawavuta nje mmoja mmoja, wakawalaza kifudifudi, mikono imefungwa nyuma.

Innocent alilazwa ubavuni mwa Manase. Alikuwa analia kwa hasira, machozi na mchanga.

"Umetuuza. Walikupa ngapi, Manase?"

Hakumwita shemeji.

Manase akafungua mdomo. Upande wa pili Mselem aligeuza kichwa, shavu lake juu ya tope, akatabasamu.

"Mwambie, fundi. Tuone kama atakuamini."

Manase akamwambia. Yote, kuanzia Jumatatu. Innocent alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtemea mate usoni.

Manase hakugeuza uso. Aliendelea kuutazama mgongo mpana ule wa shemeji yake, namna ulivyokuwa ukipanda na kushuka kwa pumzi.