Simu Iliyoonekana Nairobi

Mapenzi mengine huanza na tabasamu. Haya yalianza na ukali, tena ulioelekezwa juu ya mlingoti.

Ilikuwa asubuhi ya Januari, karibu na stendi ya Kitengela. Wazazi walikuwa wamepanga foleni mpaka nje ya saiba ya Mwelu, duka lake la kompyuta na intaneti, kuchapisha barua za watoto wanaoingia sekondari. Boda boda zinapiga honi, mama wa mahindi anapepea jiko, vumbi la malori ya mawe linaingia bila kubisha. Ghafla kila skrini ikakwama. Mwelu akatoka, mikono ya blauzi yake ya manjano ameikunja, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Juu aliona kijana aliyejifunga mshipi kwenye mlingoti, koti la rangi ya chungwa, shuka nyekundu kiunoni, koleo mkononi.

“Wewe wa juu! Umekata waya yangu?”

“Takwenya, madam!”

“Hiyo salamu weka mfukoni. Niko na watu arobaini hapa!”

“Sijakata, nimehamisha. Nipatie dakika tano.”

“Dakika tano za nani? Zako ama za Mungu?”

Foleni ikacheka. Kijana akashuka baada ya dakika kumi na mbili, akajitambulisha: Lemein, fundi wa nyaya za mtandao, mtoto wa Mashuuru. Aliomba msamaha kwa soda baridi, kisha akaomba namba. Mwelu alimpa ile ya saiba, iliyoandikwa ukutani ambapo kila mtu huiona. Lemein akaipiga hiyo hiyo jioni.

“Kitendawili.”

“Tega.”

“Niko na mfugo. Hula mwangaza, hulala chini ya barabara, na hufika ng’ambo bila kuinuka.”

“Ni wewe?”

“Umeshindwa. Nipe mji.”

“Chukua Kajiado yote, na vumbi lake.”

“Ni waya wa faiba, mpenzi. Ndani ni kioo chembamba kama unywele, na mwanga ndio hubeba maneno. Hata hii ‘mpenzi’ yangu imepitia huko.”

“Basi irudishe, sijaipokea.”

Lakini aliipokea, na nyingine nyingi baada ya hiyo. Kufikia Oktoba mambo yalikuwa yameiva. Wazee wa Lemein wangefika Jumamosi nyumbani kwa baba yake Mwelu, Mzee Mwololo mchonga mawe, na wale mbuzi watatu ambao Wakamba, watu wa kina Mwelu, huwaita ntheo. Bila ntheo, msichana hahesabiwi kuwa ana mume, hata akizaa kumi. Lemein akachukua likizo, akaenda kwao kuwachagua.

“Sisi ni watu wa ng’ombe,” alimtania kwa simu. “Nyinyi mnaolewa kwa mbuzi watatu tu?”

“Leta hao watatu kwanza. Ng’ombe utaleta ukishaona ninavyopika.”

Sasa, Mwelu alikuwa na kidonda. Kabla ya Lemein kulikuwa na Roy, aliyesema yuko Kisumu kikazi miezi miwili, kumbe alikuwa hapa karibu, Gataka, na mke wake. Kidonda hicho kilikuwa kimefunga juu tu.

Jumatano Lemein akapiga simu. “Babe, ingia email yangu unitolee cheti cha ubatizo, pasta anakitaka. Neno la siri ni jina lako na mwaka tuliokutana.”

Mwelu akaingia akitabasamu. Kabla ya barua kufunguka, skrini ikamwonyesha akaunti ilikofunguliwa mara ya mwisho: simu, Nairobi, dakika kumi zilizopita. Tabasamu likafutika. Hakusoma zaidi.

“Lemein, uko wapi?”

“Mashuuru, nyuma ya boma. Nimepanda kichuguu nipate netiwaki.”

“Mashuuru gani?”

“Kwani ziko ngapi?”

“Nakuuliza mara ya mwisho.”

“Mashuuru, Mwelu! Kuna nini?”

Akakata. Kuna kitu kikianguka hakilii, kikipasuka hakionekani: ni imani. Mwelu akaandika ujumbe mmoja: “Waambie wazee wasikuje. Mbuzi wabaki kwenu.” Lemein akapiga mara kumi na moja, kisha akaacha. Huko kwao mbuzi walikuwa wameshatengwa na kundi, na majirani wameshauliza ni wa nini. Kuwarudisha zizini ni kumtangaza mtoto wako kwamba amekataliwa.

Ijumaa asubuhi akaingia Mzee Njogu, mwalimu mstaafu, jasho likimtiririka.

“Mwelu, niokoe! Mwizi wa Nairobi ameingia email yangu!”

“Lini, mwalimu?”

“Jana saa nne.”

“Jana saa nne ulikuwa kwa hicho kiti, unakula ndizi.”

“Si ndiyo nasema! Nairobi nimeenda lini mimi?”

Mwelu akaangalia. Hakukuwa na mwizi. Ilikuwa kompyuta ile ile ya dirishani aliyoitumia mwalimu jana, na ilisema Nairobi. Akafungua akaunti yake mwenyewe. Nairobi. Akajaribu kompyuta zote sita, zote Nairobi, na malori ya mawe ya Kitengela yakinguruma mlangoni.

Lemein alichelewa kushika simu.

“Niko na swali la kazi,” Mwelu akasema.

“Uliza fundi.”

“Kwa nini kompyuta ya Kitengela inaonekana iko Nairobi?”

“Mtandao si kitu kimoja. Ni mitandao mingi imeshikana mikono, kila kampuni na wake. Hii yetu ya Kajiado inapanda mpaka Nairobi, kwa nyumba kubwa ambapo kampuni zinapokezana mizigo. Mtu wa mbali huona hilo lango. Haoni boma.”

“Hata simu ya Mashuuru?”

“Hata ya Ma— Ngoja, Mwelu. Ni hiyo tu iliyofanya ukate?”

“Ni hiyo.”

“Miaka sita kwa saiba, na fundi uko naye kwa laini. Ungeniuliza.”

“Niliogopa utanipa jibu zuri. Roy alikuwa na majibu mazuri.”

“Mimi nimekusamehe,” Lemein akasema. “Lakini aliyetenga mbuzi si mimi. Ni mama, na aibu ni yake.”

Jumamosi, siku yenye wateja wengi kuliko zote, Mwelu alifunga saiba. Alivaa gauni refu la buluu, akafika Mashuuru jua likiwa utosini. Mama yake Lemein, Priscilla, alikuwa amekaa kivulini mwa ukuta akishona shanga. Hakuinuka. Lemein alisimama kando, macho chini.

Mwelu akamwendea, akainamisha kichwa kama mtoto wa Kimaasai anavyomsalimu mkubwa wake, akingoja mkono. Mkono haukuja. Mama alimaliza safu ya nyeupe, akaanza ya nyekundu.

“Mama, nilifikiri mtoto wako ni mwongo. Nimekosa.”

“Nani alikuambia yeye mwongo?”

“Kompyuta.”

“Hiyo kompyuta inajua yeye?”

“Hapana, mama.”

“Wewe unajua yeye?”

Shingo ilimuuma Mwelu, na jua lilimchoma kisogo. “Namjua.”

Sindano ikawekwa chini. Kisha kiganja kikavu, chepesi, kikatua juu ya kichwa chake na kukaa.

“Inua kichwa, mtoto yangu. Jua ni kali.”