Gitaa la Pili Katika Mashine ya Kamate

Jumamosi hiyo nilikuwa nimekaa uani kwangu Kimemi nachambua maharage, kazi ambayo mke wangu hunipa akiona nimetulia kupita kiasi. Shemeji yangu Kamate akaingia na gitaa mgongoni, mkononi ameshika kidude chekundu chenye umbo la figo. Ilikuwa mwaka 2001. Waasi ndio waliotawala mji wetu wa Butembo, mashariki mwa Kongo, na barabara za Beni zilikuwa za kubahatisha, lakini ndege za wafanyabiashara hazikuacha kutua, na binamu yake Stanislas alikuwa amemletea kitu hicho kutoka Dubai.

Kamate alipigia kwaya ya kanisa letu gitaa. Mimi nilishughulikia spika na genereta. Akanieleza kwamba mashine ile huiga amplifaya za kila aina. Ukigeuza kitufe, gitaa linatoa sauti ya amplifaya ya zamani. Ukigeuza tena, ni kama umesimama kwenye ukumbi mkubwa. Nilimcheka sana. Kisha akanivika hedfoni, na kicheko kikaniishia. Sauti ilikuwa nene, tamu, na nyuma yake kulikuwa na nafasi kama ya chumba.

Shida ilikuwa kuitoa sauti hiyo nje. Tuliiunganisha na amplifaya yake ya gitaa, ikawa tope tupu. Tukajaribu spika ya pembe ya chuma ya kanisani, ikalia kama mbu kwenye kopo. Mashine haina mdomo wake, nikamwambia. Inataka spika pana na safi, zisizoongeza chochote. Spika za namna hiyo zilikuwa parokiani, na sikuona kwa nini niende kuwabembeleza Wakatoliki kwa ajili ya mchezo.

Basi Kamate akabaki na hedfoni zake. Dada yangu Élise, mkewe, akaanza kulalamika kwamba ameolewa na kiziwi. Mwezi haujaisha, shemeji akarudi kwangu na mashine yake.

"Sikia gitaa ya pili," akaninong'oneza.

Ni lazima nimtaje Luc hapa. Luc alikuwa mdogo wake Kamate, naye mpiga gitaa. Alikwenda Kamango kutafuta mawese na hakurudi. Wasafiri walisema alichukuliwa na wenye silaha. Mama yao, Kavuo, akagoma kula. Mwishowe familia ikafanya kama ifanyavyo kwetu mwili usipopatikana: wakakata mgomba, wakaufunga kwa shuka la Luc, wakaulilia na kuuzika kwa jina lake nyuma ya nyumba. Baada ya hapo mama Kavuo akarudi kula, na sote tukashukuru.

Nikavaa hedfoni. Kamate akapiga kidogo, akaacha. Gitaa jingine likaendelea. Nikasema ni mwangwi. Lakini mwangwi hurudia, na hilo lilikuwa linajibu. Liliburuta noti za mwisho vilevile alivyozoea Luc. Nilizivua hedfoni kwa nguvu hadi nikajiumiza sikio.

Kamate alitaka mama yake asikie. Nilimwambia amwache mzee wa watu, ametulia. Hakunitazama.

"Kama ni yeye, mama hapana kufa bila kusikia mwana yake," akasema.

Nikaenda parokiani kuomba spika.

Tulizifunga sebuleni kwa mama Kavuo alasiri ya Jumapili. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni. Mama alikaa kwenye benchi, mikono mapajani. Kamate akapiga. Spika zilikuwa safi kweli; chumba kizima kilijaa. Akaacha. La pili likajibu. Mama Kavuo akafumba macho, machozi yakamtoka, nami nililia pia, sioni haya kusema.

Kisha gitaa lile likanyamaza. Kamate alikuwa ameondoa mikono kwenye nyuzi. Hatukuwa na maikrofoni. Spika zikavuta pumzi.

"Mama, ni miye. Niko inje. Baridi iko mingi. Niingie?"

Nikaukimbilia waya niuchomoe. Sikuwahi.

"Ingia, mwana wangu," akasema mama Kavuo.

Genereta ikazima. Mlango ukafunguka taratibu. Hakukuwa na mtu. Mama Kavuo akasogea kwenye benchi, akampisha asiyeonekana akae.

Wiki iliyofuata, Luc akarudi. Ndiyo, Luc mwenyewe, kwa miguu, mwembamba, mabega yana makovu ya kubebeshwa mizigo msituni. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Lakini kwetu aliyezikiwa mgomba akiwa hai haingii nyumbani kabla haujafukuliwa, kwa hiyo akasubiri kwangu, mimi na Kamate tukachimba. Shuka lilikuwepo, mafundo yale yale ya siku ya mazishi. Ndani hamkuwa na kitu. Nikasema mgomba umeoza. Shuka lilikuwa kavu.

Tulipomuuliza Luc, alisema hakumwita mtu yeyote. Siku moja alasiri, huko msituni, alisikia mama yake akisema ingia, akaacha mzigo na kuifuata sauti. Alidhani ndiye anayeitwa.

"Lakini mama alikuwa anasemesha mutu mwingine," akasema polepole.

Tukampeleka. Mama Kavuo alisimama mlangoni, akamtazama kwa adabu kama atazamwavyo mgeni, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Luc akajitaja jina. Mama akatabasamu kwa huruma.

"Luc wangu iko ndani, anakula," akasema. Akafunga mlango.

Luc alijaribu mara nyingi. Wachungaji walikwenda, mapadri walikwenda. Kutoka nje tulimsikia mama akiongea mchana kutwa, akicheka, akibembeleza mtu aongeze ugali. Alifariki miaka michache baadaye bila kumpa Luc hata mkono.

Baada ya mazishi tulitoa vyombo vyake. Kulikuwa na sahani mbili tu zilizotumika. Moja ilikuwa na alama nyeusi za vidole ukingoni, za utomvu wa mgomba, ule usiotoka hata kwa majivu. Élise aliisugua hadi akachoka. Luc akaichukua, akaweka vidole vyake juu ya alama zile, kimoja kimoja.

Vilienea sawasawa.